Jina Langu Hulipwa

Mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni.
Mashine zimezimwa, joto la plastiki bado limegandia
mabati ya kiwanda, hapa Chang'ombe.
Tumejipanga kwenye kidirisha cha mhasibu Lyatuu
na vidole vyenye alama za wembe,
maana kazi yetu ni kunyoa ndoo:
hutoka kwenye kalibu na ndevu ukingoni,
nasi huzinyoa zingali za moto.

Kwenye karatasi kuna jina: Sikudhani Mkumbukwa.
Mama aliniita hivyo kwa kuwa hakudhani nitaishi.
Mkabala wa jina, kiwango. Kile kile cha serikali,
hakipungui hata senti.
Natia saini.
Lyatuu analowesha kidole, anahesabu,
ananisukumia nusu na kidogo.
"Anayefuata."

Basi nikajua tuko wawili.
Jina langu hulipwa. Mimi bado.
Jina langu lina malipo ya saa za ziada, lina likizo,
lina mchango wake kwenye mfuko wa hifadhi.
Nilipojifungua, jina langu lilipumzika nyumbani wiki kumi na mbili;
mimi nilikuwa hapa hapa, maziwa yakilowesha gauni,
nikinyoa ndoo.

Siku nyingine nalionea wivu.
Naliona limepanga vyumba viwili Tabata,
linanunua umeme wa mwezi mzima kwa mpigo.
Mimi niko Buza, umeme wa elfu moja,
usiku mita inalia kama kifaranga aliyepotezana na mamaye.
Kwa Mama Chausiku nadaiwa maharage tangu Mfungo Mosi.
Ningelituma jina likalipe, lina hela.
Mama Chausiku hakopeshi majina.

Nyamizi alicheka nilipomweleza.
"Saini ni wino tu, shoga. Ukigoma kuitia,
nje ya geti wapo ishirini, kila mtu na wembe wake."
Ni kweli. Nimewahesabu.
Jumatatu walikuwa ishirini na watatu.

Lakini nina daftari.
Ni la mwanangu, la darasa la tatu. Mbele ni hesabu zake.
Nyuma nimeandika mimi:
tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka,
na kiasi kilichofika mkononi, si kilichoandikwa.
Miezi kumi na tisa.
Mbele mwalimu ametia vema kwa kalamu nyekundu.
Nyuma hakuna aliyesahihisha.

Niliaga kwamba naenda zahanati, nikaenda kwa afisa kazi.
Bi. Rwegasira akavuta jalada kutoka kabatini, akalifungua.
Jina langu lilikuwa limetangulia kufika.
"Saini hii ni yako?"
Ulimi ukanikauka.
Nikikana, nimesema uongo.
Nikikubali, nimeshalipwa.

Nikafungua daftari, nikalilaza kando ya jalada.
Alisoma muda mrefu. Feni ilikuwa ikizunguka
na kugonga mahali fulani, kila mzunguko, tik.
Alipofika kwenye zile wiki kumi na mbili
akavua miwani.
"Ametia mtu mwingine saini kama hizi?"
"Wote."
"Na mwenye daftari?"
Hapo sikuwa na jibu la kumpa.

Leo mwisho wa mwezi tena.
Lyatuu ananisogezea karatasi na kalamu iliyofungwa uzi,
kana kwamba tunaweza kuiba hata hiyo.
Nasema: "Hela kwanza."
Anainua uso. Miaka minne, hajawahi kuniona macho.
Anahesabu. Nami nahesabu, noti kwa noti, bila haraka.
Kisha naandika jina langu,
na pembeni yake, kwa tarakimu kubwa za darasa la tatu,
kiasi nilichopokea.

Anayefuata ni Nyamizi.
Ndani ya khanga amebana kitu chenye pembe nne.
Lyatuu hajaita.
Foleni imesimama.